Zamu ya Kilwa inarudi lini?

Swali: Mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mkoani Lindi ananiandikia: "Mwezi ujao nawapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Kilwa Kisiwani. Darasani niliwaambia dunia ni duara, kila dola hupanda kisha hushuka, na kwamba Ibn Khaldun alishasema utawala huishi vizazi vitatu tu. Kijana mmoja akanyoosha mkono: 'Sasa mwalimu, kama ni duara, zamu yetu inarudi lini?' Darasa likaangua kicheko, mimi nikabaki na chaki mkononi. Naomba unisaidie. Ni kweli jamii za watu hupanda na kushuka kwa zamu? Na huyo kijana nimjibu nini?"

Jibu:

Mwalimu, huyo kijana hakukosea hata kidogo. Ukishasema duara, uwe tayari kuulizwa tarehe. Kitu kinachozunguka hurudi pale pale kilipoanzia, na ukijua kinachukua muda gani kuzunguka unaweza kukaa barazani ukakisubiri. Kilwa, kwa hesabu yangu, imepanda mara tatu, labda nne, na kila mara imeshuka. Lakini haijawahi kurudi pale ilipokuwa. Kila ilipoinuka iliinuka na bidhaa nyingine na wakubwa wengine, na hata mahali pakahama: Kisiwani, baadaye Kivinje, sasa Masoko. Kinachozunguka ni jina tu.

Kwa hiyo neno "duara" mimi ningeliweka pembeni kwanza, na badala yake ningewapa vijana maswali mawili ya kutembea nayo kwenye kila gofu mtakalosimama mbele yake: hapa kilichopanda kilikuwa nini, na aliyepanda nacho alikuwa nani?

Umemtaja Ibn Khaldun, na umemtaja sawasawa. Mwanahistoria huyo alizaliwa Tunis mwaka 1332, akakulia katikati ya tawala za Maghribi zilizokuwa zikipinduana mbele ya macho yake. Akaona mtindo. Watu wa jangwani, maskini lakini walioshikamana, huuteka mji wa watu walioshiba. Mshikamano huo ndio alioita asabiya. Kizazi cha kwanza kinaikumbuka shida, cha pili kimehadithiwa na baba, cha tatu kimezaliwa juu ya godoro na hakina habari nayo. Kila kizazi alikipa miaka 40, jumla 120, kisha anatokea mwingine mwenye njaa.

Ukiipima Kilwa kwa rula hiyo, mwanzoni utasema mzee alikuwa na kioo cha ramli. Ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen, ulishika kiti cha Kilwa mwishoni mwa karne ya 13 chini ya al-Hasan bin Talut. Mjukuu wake, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linalotazama bahari, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Kizazi cha tatu hicho, na anasa yake hiyo. Lakini endelea kuhesabu. Ukoo ule ulibaki kwenye kiti, angalau kwa jina, kwa zaidi ya karne moja na nusu baada yake. Na walioivunja Kilwa hawakutoka jangwani wakiwa wamepanda ngamia. Walikuja na merikebu. Ibn Khaldun anakusaidia kunusa uozo ndani ya jumba. Kalenda yake tuiache Maghribi.

Sasa tuje kwenye upepo, maana bila upepo Kilwa ingebaki kijiji cha wavuvi. Na kijiji kilikuwepo kweli. Tangu karne ya 8 au ya 9 watu walikaa pale kwenye nyumba za miti na udongo, wakivua na kufua chuma, kabla ya sultani yeyote. Kilichokigeuza kijiji kuwa mji ni mahali kilipo. Watu wa pwani wanalijua hili bila kufundishwa: kaskazi inaleta, kusi inarudisha. Chombo kilichotoka Aden au Gujarati kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kushusha nguo, shanga na vyombo vya Kichina, kupakia, na kurudi kwao kwa kusi ndani ya msimu mmoja. Kikijitia kwenda kusini zaidi, msimu unakipita, na nahodha analala mwaka mzima ugenini akila mtaji.

Dhahabu nayo ilikuwa huko kusini zaidi. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala kwenye pwani ya Msumbiji ya leo. Hapo ndipo Kilwa ilipojipatia riziki: vyombo vya pwani viliifuata dhahabu Sofala, vikaileta Kisiwani, mgeni akaikuta inamsubiri. Sultani akatoza ushuru kwenye kuingia na kwenye kutoka. Kilwa yenyewe haikuchimba hata punje moja ya dhahabu. Ilichokuwa nacho ni kuwa mahali ambapo upepo unaishia.

Hilo likumbuke, tutalirudia.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika mwaka 1331, mwaka mmoja kabla Ibn Khaldun hajazaliwa, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyopata kuiona. Sultani alikuwa huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Kuna kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Kisha akamwongezea watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wengi wanaposimulia kisa hiki huishia kwenye ukarimu. Mimi hukwama kwa wale watu kumi. Walitoka wapi? Ibn Battuta huyo huyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akishambulia bara na kuteka, na kwamba khumsi, yaani sehemu ya tano ya nyara, aliitenga kama dini inavyoagiza. Kwa hiyo hata katika ule wakati tunaouita wa dhahabu, kupanda kwa Kisiwani kulikuwa kushuka kwa mtu mwingine, ng'ambo ya mlango wa bahari unaoonekana kwa macho.

Baada yake akaja nduguye, Daud. Fakiri akija kuomba kwa Daud, alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa. Ibn Battuta aliusimulia huo kama ubahili. Mimi nausikia kama taarifa ya hazina.

Na mawe yanaunga mkono. Husuni Kubwa iliachwa kabla haijamalizika. Kuba za sehemu mpya ya Msikiti Mkuu zilianguka na zikakaa chini kwa miongo kadhaa bila kuinuliwa. Sababu zinabishaniwa: wapo wanaotaja tauni iliyoua watu Misri na Ulaya miaka ya 1340, wapo wanaotaja kudorora kwa soko la dhahabu, na wapo wanaosema tu kwamba yule bwana alijenga kuliko mfuko wake. Ungeandika historia ya Kilwa ukiwa umesimama ndani ya Husuni Kubwa, ungeandika: hapa ndipo walipoanguka.

Hapa, mwalimu, ndipo ningependa usimame sana na vijana wako. Wakati Husuni Kubwa inaota majani, kwenye kisiwa cha jirani, Songo Mnara, watu wanajenga. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 pale uliinuka mji mzima wa nyumba za mawe, misikiti kadhaa, makaburi, viwanja vya wazi katikati. Mji huo haukuwa jumba moja la mtu mmoja. Zilikuwa nyumba nyingi za wenye mali, kila moja na baraza yake na kumbi zake za kupokelea wageni. Na Kilwa yenyewe, ambayo Ibn Battuta aliiona ya nyumba za miti, ndiyo ilipozidi kuwa ya mawe. Mwanzoni mwa karne ya 15 kuba za msikiti nazo zikainuliwa tena, na ndizo mnazoziona leo zikiwa bado na chokaa.

Sasa niambie, miaka hiyo ya baada ya al-Hasan tuiite kupanda au kushuka? Jumba la mfalme lilikufa na mitaa ya wafanyabiashara ikanenepa. Ukiuliza kiti, jibu ni kushuka. Ukiuliza mwenye duka, atakuuliza unazungumzia kushuka gani. Ndiyo maana siamini mchoro wa mstari mmoja unaopanda na kushuka kama kilima, ule tunaopenda kuuchora ubaoni. Jamii moja ina mistari mingi, na haipandi pamoja.

Karne ya 15 ikaendelea na hadithi ambayo ingemfurahisha Ibn Khaldun. Nguvu zikahamia kwa maamiri na mawaziri. Wao wakawa wanamweka sultani na kumwondoa, kila upande na mtoto wake wa ukoo wa kifalme wa kumsimamisha mbele. Mwisho wa karne aliyekuwa na mji mkononi ni Amiri Ibrahim, mtu asiyetoka kwenye ukoo wa kifalme. Wakati huo huo, mbali kule bara, watu walikuwa wakiihama Zimbabwe Kuu, na biashara ya dhahabu ikielea kaskazini kuelekea mto Zambezi, ambako wafanyabiashara walipata njia nyingine za kufikia bahari bila kupita Sofala. Kilwa haikushindwa vita yoyote katika hili. Barabara tu ilihama.

Kisha wageni wakatokea upande usiotarajiwa. Huu ndio upepo niliosema tutaurudia. Tangu enzi na enzi kila chombo kikubwa kilikuja Kilwa kutoka kaskazini. Wareno walizunguka rasi ya kusini mwa Afrika, wakaja kutoka kusini. Kwao Kilwa haikuwa mwisho wa safari. Ilikuwa kituo cha njiani, na Sofala walikuwa wanaipita kabla hata hawajaifikia Kilwa. Ule utajiri wote uliokaa juu ya ukweli kwamba mgeni hawezi kwenda mbele zaidi ukapoteza maana.

Vasco da Gama alitia nanga mwaka 1502 na kutishia kuuangamiza mji mpaka alipwe kodi kwa dhahabu. Alilipwa. Ile dhahabu haikupotea: mfalme Manuel wa Ureno aliagiza itengenezewe chombo cha ibada, kikamalizika mwaka 1506, na hadi leo kinaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho Lisbon. Vijana wako wakitaka kuiona dhahabu ya Kilwa, ndiko iliko. Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na kundi la merikebu, akauteka mji na kuupora, akamtawaza mfanyabiashara aliyekubaliana naye, akaanza kujenga ngome. Mtawazwa akauawa mwaka uliofuata. Kufikia 1512 Wareno walishafungasha wakaondoka. Walikuwa wametafuta dhahabu mahali ambapo dhahabu haikuwahi kuchimbwa, na mwaka ule ule wa 1505 walishajenga ngome nyingine Sofala, karibu na chanzo.

Karne ya 16 na ya 17 nitazipita haraka. Wavuvi waliendelea kuvua, mtama uliendelea kulimwa, jina la sultani lilibaki. Ukimwuliza mwanahistoria wa majumba atakwambia ni giza. Mimi sijui kama mkulima wa wakati ule aliliona giza hilo.

Halafu Kilwa ikapanda tena, na ukweli huu vijana wauone bila pazia. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa: apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Walikuwa wakipelekwa Ile de France, ndiyo Morisi ya leo, na visiwa jirani, kwenye mashamba ya wakoloni. Fedha ikaingia. Jumba la Makutani likapanuliwa na kuta zake zikaimarishwa. Ukisimama pale leo na kusoma kibao, unaona mji ulioamka kutoka usingizini. Kwenye mchoro wa ubaoni mstari unapanda. Sasa muulize yule kijana wako: kama angezaliwa miaka hiyo upande wa Ziwa Nyasa, hiyo zamu ingekuwa ya nani?

Waomani waliona utamu, na mwaka 1785 hivi Kilwa ikawa chini yao. Gereza, yaani ile ngome mtakayoiona ikiwa bado imesimama ufukweni, lilijengwa upya na wao, juu ya mabaki ya ngome ya Mreno. Lakini biashara yenyewe ilikuwa inahamia Kilwa Kivinje, bara, kwa sababu rahisi: misafara ya Wayao na wengine ilikuwa inatoka bara, na hakuna haja ya kuvusha watu kisiwani ili uwavushe tena Zanzibar. Miaka ya 1840 sultani wa mwisho wa Kisiwani alipelekwa uhamishoni Oman, wakati Kivinje ikiwa inachemka. Katika miaka ya 1860 watu karibu 20,000 walikuwa wakisafirishwa kutoka huko kila mwaka, wengi wao kwenda Zanzibar. Nyumba za ghorofa zikajengwa, milango ikachongwa. Mkiwa na muda pitieni Kivinje. Baadhi ya nyumba hizo bado zinaning'inia.

Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Juni 1873. Kivinje haikufa siku hiyo. Iligeukia mpira wa msituni kwa miaka kadhaa. Wakaja Wajerumani, wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, mwaka 1895, wakalazimisha pamba, na mwaka 1905 vita ya Majimaji ikalipuka kwenye vilima vya Matumbi, nyuma tu ya mji. Hayo unayafundisha vizuri kuliko mimi. Baadaye makao ya wilaya yakaenda Masoko, na Kivinje ikabaki na milango yake.

Na sasa kuna gesi. Iligunduliwa Songo Songo, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuwasha umeme. Kijana wako anaweza kusema, hiyo hapo zamu. Inawezekana. Lakini tazama inavyofanana na isivyofanana. Dhahabu ilitoka mbali ikasimama Kilwa. Gesi inatoka Kilwa na haisimami. Kwa hiyo maswali yetu mawili yanabaki vile vile, na la pili ndilo gumu: nani anapanda nayo? Hilo ni la bajeti na sheria za mwaka huu. Nyota hazihusiki.

Usinielewe vibaya. Sisemi hakuna kinachojirudia. Mara zote Kilwa ilipopanda ilining'inia kwenye kamba moja, na ncha ya pili ya kamba ilishikwa na mtu mwingine: mchimbaji wa bara, nahodha wa Gujarati, mwenye shamba wa Morisi, mnunuzi wa Zanzibar. Na mara zote waliokuwa juu walidhani mahali walipokaa ndio werevu wao. Tabia hiyo inajirudia. Lakini tabia haina zamu wala tarehe. Mtu anaweza kuwa nayo leo, akaiacha kesho akijua.

Basi huyo kijana mwambie hivi: zamu ni mambo ya foleni, na hakuna aliyepanga foleni. Kisha mpe kazi. Mkifika Kisiwani, yeye na wenzake wachague jengo moja moja: Msikiti Mkuu wenye sehemu ya kale na sehemu mpya, Husuni Kubwa, Makutani, Gereza. Kwa kila jengo waandike nani alilipa, alilipa kwa kuuza nini, na hicho kilichouzwa kilitoka kwa nani. Husuni Kubwa iko mbali kidogo na mji na njia yake ni ya kutembea, kwa hiyo muanze nayo kabla jua halijakolea. Na wakikutana na wazee wa kijijini, waulize kuhusu uvuvi, bei ya pweza, maji ya kunywa. Watu wa namna hiyo walikuwepo wakati wa Almeida na wakati wa Morice, na hakuna mchoro wa ubaoni unaowaonyesha.

Kibali mtakichukua Masoko kabla ya kuvuka. Ongea na wenye mashua jioni ya siku moja kabla, mkubaliane nauli ya kwenda na kurudi, na umuulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Mwezi ujao kusi itakuwa imeshika. Mchana mlango wa bahari unachafuka, na madaftari ya nusu darasa yatarudi yamelowa.